Kitambaa Alichomfumia Mkwe

Nyumbani kwa Phanice, nyuma ya steji ya matatu ya Kawangware 56, hakukuwa na kitu kilichokaa uchi. Redio ilikuwa na kitambaa, meza ilikuwa na kitambaa, viti vilikuwa na vitambaa mgongoni na mikononi, thamosi ilivaa sketi, na hata mtungi wa gesi ulikuwa na kofia yake ya waridi. Mgeni wa mara ya kwanza alisimama kidogo mlangoni akiwaza akae wapi asije akavuruga kitu.

Krosheti, ule ufumaji wa sindano ya ndoano, alifundishwa na mama yake kule Kimilili. Alikuja nayo Nairobi alipoolewa, na mumewe alipofariki ndiyo iliyomlisha yeye na Sella, binti yake wa pekee. Alifuma akisubiri ugali uive, alifuma kwenye foleni ya maji, alifuma hata kanisani wakati wa matangazo, na hakuna aliyemkemea kwa sababu mara nyingi alichokuwa anafuma kilikuwa cha madhabahu. Kwake yeye, kitu kisichofunikwa ni kitu kisichopendwa. Alisema hivyo bila mzaha wowote.

Basi stima ilipoanza kupotea ovyo na watu wakaanza kununua inveta, lile sanduku la chuma linalochota nguvu kwenye betri na kuwasha taa wakati kumekuwa giza, Phanice aliona kitu kingine kilicho uchi. Alifuma vifuniko vitatu. Kimoja kilikuwa cha inveta ya kanisa, cheupe chenye msalaba wa zambarau. Kingine cha saluni ya Wakarima, rafiki yake pale 56. Na cha tatu kilikuwa cha nyumba ya Sella kule Ayany.

Hicho cha tatu ndicho alichokipenda zaidi. Sella alikuwa ameolewa na Opondo, mtu wa huko ziwani, kijana mrefu asiye na maneno mengi, aliyeoka mikate usiku kiwandani na kulala mchana. Inveta yao ilikaa chumbani, karibu na kitanda, kwa kuwa soketi nzuri ilikuwa huko. Ilipokuwa ikichaji, feni yake ilivuma kama nyuki waliofungiwa kwenye mkebe, na Opondo hakupata usingizi. Phanice aliposikia hayo alinunua uzi mzito wa sufu, ule wa bei nafuu uliochanganywa na nailoni, akaufuma mara mbili, akakishusha kitambaa pande zote mpaka sakafuni. Akampa Sella apeleke.

Haikupita wiki, Opondo akapiga simu mwenyewe. Lilikuwa jambo la ajabu, maana kwa heshima hakuwa na mazoea ya kumpigia mama mkwe.

"Mama, Mungu akubariki," alisema. "Siku hizi nalala kama mtoto."

Phanice alilisimulia hilo kwa kina mama wa kanisa mpaka wakalikariri.

Jumapili moja, katikati ya sifa, kinanda kilinyamaza. Kisha harufu ikaja, harufu ya nywele zinazoungua. Nyuma ya madhabahu, msalaba wa zambarau ulikuwa umeyeyuka na kudondoka kama nta, na moshi mweusi ulikuwa unapanda ukutani. Mama mmoja alinyakua ndoo ya maji. Osewe, kijana anayeshughulikia vyombo vya sauti, akapiga kelele, "Usimwage! Hiyo ni stima, Mama!" Akang'oa waya, akalisukuma lile sanduku kwa mti wa ufagio mpaka nje, na wanaume wakalizika kwa mchanga wa ujenzi uliokuwa umemwagwa uani.

Hakuna aliyeumia. Watu walipotulia, Osewe alirudi akipangusa jasho na kumwona Phanice amesimama kando.

"Sasa Mama Sella," alisema kwa sauti iliyofika mpaka viti vya nyuma, "umevalisha inveta sweta! Ilikuwa inasikia baridi?"

Kanisa zima likacheka. Hata Pasta Oluoch alicheka, kisha akajifanya anakohoa.

"Si wewe uliiona wiki zote hizo?" Phanice aliuliza. "Si ulisema imependeza?"

"Nilisema, ndiyo. Hata mimi nilifurahia vile ilinyamazisha kelele." Osewe alikuna kichwa. "Lakini ile feni, Mama, ndiyo pua yake. Ikiwa inachaji inachemka. Ukiifunika haina pa kupumulia. Hiyo kitu inataka ikae kwa simiti, peke yake, mbali na nguo, mbali na pazia."

"Mbali na kitanda?"

"Kitanda tena? Hiyo usiseme."

Phanice aliinama akaokota mabaki ya kitambaa. Yalikuwa yamegeuka kigae kigumu cheusi. Alirudi nyumbani akipitia njia ya nyuma ili asikutane na kina mama wenzake, na bado aliwasikia wakicheka mbele ya duka la mboga. "Wacha nikavalishe jiko langu soksi," mmoja alikuwa akisema.

Alijua vizuri lililompasa. Alipaswa kwenda saluni kwa Wakarima, hatua chache tu kutoka kwake, na alipaswa kwenda Ayany. Wala hakulazimika kwenda, angeweza kupiga simu. Jioni hiyo alishika simu, akatafuta jina la Sella, akairudisha mezani. Angesema nini? Kwamba zawadi aliyojisifia kanisa zima ni ya kuchoma watu? Alijiambia kwamba hilo si jambo la simu. Jumatatu alijiambia ana oda ya kumaliza. Jumanne mvua ilinyesha. Alipopita mbele ya saluni alivuka barabara.

Jumatano asubuhi alipiga magoti akaomba, na maombi yenyewe yakamsuta. Akavaa leso yake, akaenda Ayany.

Munyao, mlinzi wa geti, alimfungulia kwa furaha. "Karibu Mama. Mwenyewe ameenda sokoni, lakini baba yuko, amelala. Ingia tu, mlango umerudishwa."

Aliingia. Sebuleni hapakuwa na mtu. Vitambaa vyake vilikuwa vimepangwa vizuri kwenye viti vyote, kwa namna iliyomwonyesha kwamba Sella alivipiga pasi. Taa ya friji ilikuwa imezimika. Stima ilikuwa imepotea tangu alfajiri mtaa mzima. Kati ya sebule na chumba hapakuwa na mlango, palikuwa na pazia la kijani, na nyuma ya pazia Opondo alikuwa akikoroma polepole, mkoromo wa mtu aliyefanya kazi usiku kucha.

Phanice alisimama mbele ya lile pazia.

Kwao Kimilili, mama hauoni mlalo wa mkwe wake. Kwa kina Opondo ni hivyo hivyo, pengine zaidi. Mama mkwe hafungui pazia ambalo nyuma yake mume wa bintiye amelala, labda amevua shati, labda amejifunika shuka tu. Mambo hayo hayaandikwi popote na hayahitaji kuandikwa. Tangu Sella aolewe, Phanice hakuwahi kuvuka sebule ile. Akihitaji choo, aliazima cha jirani.

"Baba," aliita, lakini kwa sauti ya mtu asiyetaka kusikika.

Mkoromo uliendelea.

Angeweza kugonga meza. Angeweza kumwita Munyao aje aingie yeye. Lakini angemwambia Munyao nini, naye ni mtu wa kupeleka habari kwa kila mlango? Na Opondo akiamka, atoke macho mekundu, asimame mbele yake huku akitafuta vifungo vya shati, amwambie nini? Kile ulichonishukuria, kitoe?

Akatazama friji iliyozimika. Stima hakuna, aliwaza, basi haichaji. Haiwezi kuchemka. Nitamwambia Sella, Sella ni mtu wake, ataingia akitoe, na hakuna atakayeaibika. Aliona ni mpango wenye busara. Alirudisha mlango taratibu ili usilie.

Kutoka Ayany mpaka Soko la Toi si mbali. Sella alikuwa kwenye kibanda chake cha nguo za watoto, katikati ya rundo la mitumba, akishindana na mama mmoja aliyeshika sweta ndogo.

"Mama!" Sella alifurahi. "Umetoka wapi? Kaa hapo kwa beli. Ulipita nyumbani?"

"Nimepita. Bwana yako amelala."

"Huyo akilala ni kama amekufa," Sella alisema, akacheka, na akamgeukia mteja. "Madam, hiyo ni ya ng'ambo, iangalie mshono. Ukiipata soko la Gikomba, rudi uchukue hii bure."

Phanice aliketi juu ya beli, furushi la mitumba lisilofunguliwa bado. Alianza kukunja fulana bila kuambiwa. Aliona aseme mteja akiondoka. Mteja akaondoka, akaja mwingine, msichana mjamzito aliyetaka kila kitu cha rangi ya manjano. Sella alimtania kwamba mtoto atazaliwa akidhani yeye ni ndizi, wote watatu wakacheka, na Phanice akacheka nao. Baadaye, akikumbuka kicheko kile, ndicho kilichomchoma kuliko yote.

"Mama, una neno," Sella alisema mteja alipoondoka. "Nakujua. Umekunja hiyo fulana mara ngapi?"

"Si neno kubwa."

"Sema basi."

Phanice alifungua mdomo. Wakati huo huo, kibanda cha pili, spika kubwa ya muuza viatu ililia kwa ghafla, muziki ukamwagika soko zima, na vijana wakashangilia, "Imerudi! Stima imerudi!"

Phanice alisimama, fulana zikaanguka chini.

"Mpigie Opondo."

"Nini?"

"Mpigie! Kile kitambaa cha inveta, akitoe sasa hivi. Cha kanisa kiliwaka Jumapili. Mpigie, mwanangu."

Sella alimtazama mara moja tu. Akapiga. Simu ilikuwa imezimwa, kama ilivyozimwa kila mara Opondo akilala. Akampigia Munyao, iliita bila kupokelewa. Wakaacha kibanda wazi, wakakimbia.

Kule Ayany stima ilikuwa imerudi mapema kuliko sokoni, na Munyao hakupokea kwa sababu mikono yake ilikuwa imejaa. Walipofika getini majirani walikuwa uani, na moshi ulikuwa unatoka dirishani, mzito, mweusi, na harufu Phanice aliitambua kabla hajaingia. Sufu ile iliyofumwa mara mbili ilikuwa imeyeyukia kwenye godoro. Moto wenyewe haukuwa mkubwa. Waliuzima kwa mchanga na blanketi baada ya kukata stima. Kilichomdhuru Opondo ni moshi. Munyao na jirani mmoja walikuwa wamemtoa Opondo wakamlaza kwenye simiti, na mwilini hakuwa na jeraha lolote. Alikuwa amevaa suruali na fulana. Phanice aliliona hilo. Hakuwa uchi hata kidogo.

Opondo alikata roho kabla gari halijafika hospitali. Mungu amlaze mahali pema.

Jamaa zake walikuja kutoka ziwani, na mama yake, Aoko, akiwa mbele. Turubai likafungwa uani kule Ayany, na kila alasiri watu wa kanisa walikuja kuimba na kuomba. Sella alikaa ndani na wake wa shemeji zake. Hakumfukuza mama yake, wala hakumwita. Alipoulizwa ilikuwaje alisema tu, "Ni inveta." Phanice alipika, akaosha vyombo, akabeba maji. Hakuketi. Mahali palipokuwa na watu alipita kando, na mikono yake, iliyozoea uzi, ilishikashika upindo wa leso.

Siku moja kabla ya kusafirisha mwili, Pasta Oluoch alihubiri. Alisema maneno mazuri juu ya ujana na juu ya mbingu. Kisha akasema, "Ndugu zangu, tusiulize kwa nini. Haya ni mapenzi ya Mungu. Mungu alimpenda Opondo kuliko sisi." Watu wakaitikia amina.

Phanice alikuwa nyuma na sufuria mkononi. Aliiweka chini.

"Pasta, hapana," alisema.

Vichwa vikageuka.

"Msimsingizie Mungu. Mungu hakufuma kile kitambaa. Nilikifuma mimi."

"Mama Sella," Pasta alisema kwa upole, "huzuni inakusumbua. Keti."

"Sijamaliza. Cha kanisani mlikiona kikiyeyuka, mkacheka, na mimi nikajua tangu siku hiyo. Nilijua Jumapili. Nikakaa. Nilipokuja, nilisimama hapo sebuleni, yeye yuko hapo nyuma ya pazia anakoroma, na Mungu alikuwa amezima stima mtaa mzima. Nafasi gani zaidi ya hiyo? Ningevuta tu pazia. Niliona haya. Nilimwonea haya mtu, nikamwacha ndani. Kama mnataka kusema mapenzi, semeni ni mapenzi yangu ya kusifiwa."

Hakuna aliyeitikia amina. Osewe, aliyekuwa karibu na spika, alitazama viatu vyake. Mlangoni Sella alikuwa ametokeza, shuka kichwani.

Ndipo Aoko, aliyekuwa ameketi kwenye mkeka na hajazungumza na mtu yeyote wa upande wa mke tangu afike, akageuka. Alikuwa mama mnene, mzito wa kutembea, na macho yake yalikuwa yamevimba.

"Mama Sella," alisema. "Hivyo vitambaa ulifuma vingapi?"

"Vitatu."

"Cha kanisa kilichomeka. Cha mwanangu kilichomeka. Cha tatu?"

"Kiko saluni. Kawangware."

"Umekitoa?"

Phanice alitikisa kichwa. Tangu msiba hakukumbuka. Au alikumbuka, akaona mfiwa hawezi kutoka matangani kwenda saluni, watu watasema nini.

Aoko akauliza, "Na mashine iko chini yake, inachaji?"

"Itakuwa iko."

"Sasa unakaa hapa kunipikia mimi chai? Huko saluni hakuna watoto wa watu?" Sauti ya Aoko ilipanda. "Enda! Enda na hizo nguo za matanga, enda bila viatu kama ni lazima. Wakikucheka, wacha wakucheke. Ondoka mbele yangu, Mama Sella, uende!"

Akaenda.

Saluni ilikuwa imejaa. Wakarima alipomwona na leso ya matanga aliacha kichwa cha mteja, akaziba mdomo. "Woi, Mama Sella! Pole sana, dada yangu. Si nilikuwa nakuja kesho? Umetoka kwa msiba aje?"

"Inveta yako iko wapi?"

"Inveta? Iko hapo chini ya kaunta. Kwa nini?"

Phanice alizunguka kaunta, akapiga magoti. Juu ya kitambaa walikuwa wameweka mikoba ya wateja na furushi la nywele za bandia. Wakarima alimfuata huku akinong'ona, "Sasa unaniaibisha mbele ya wateja. Hicho kitambaa kila mtu anakisifu. Si uniambie tu, nitakitoa baadaye?"

"Gusa."

"Mimi nina mtu ana dawa kichwani—"

"Gusa, Wakarima."

Wakarima aliinama, akaingiza mkono chini ya kitambaa, na akautoa haraka kama aliyegusa sufuria. Yeye mwenyewe ndiye aliyeondoa mikoba, akazima swichi ukutani, akalivuta lile sanduku mpaka katikati ya sakafu, penye simiti tupu. Mwanamke mmoja aliyekuwa chini ya mashine ya kukausha nywele aliuliza kwa sauti ya juu, maana hakuwa anasikia vizuri, "Nini? Kuna nini?"

Phanice alimjibu. Alimweleza yote, kwa sauti ya juu vile vile, mbele ya kila mtu: mkwe wake, pazia, na vile alivyoogopa kuvuta kitambaa alichokifuma mwenyewe. Uso ulimwaka kwa aibu tangu neno la kwanza mpaka la mwisho. Haikupungua kwa kusema. Mwanamke mwingine, rola bado kichwani, alikuwa ametoa simu na alikuwa anamwambia mtu, "Ile ya chini ya kitanda, ndiyo. Toa nguo zote juu yake. Sasa, si jioni."

Aliporudi Ayany jua lilikuwa linashuka na nyimbo zilikuwa zimeisha. Aoko alikuwa bado kwenye mkeka. Phanice alisimama mbele yake, kitambaa kikiwa kimekunjwa ndani ya mfuko wa plastiki.

"Nimetoa," alisema.

Aoko hakumwangalia. Alisogea kidogo, mahali pa mtu mmoja pakabaki wazi kando yake. Phanice alipaona. Alitaka kuketi, lakini akaendelea kusimama pale, mbele ya mama wa Opondo, mpaka Sella alipotoka ndani, akamshika kiwiko na kumketisha.